Seng'enge ya babu: kutoka Illinois hadi Kinangop

Najua nimewatupa kwa zaidi ya wiki mbili. Sikuwa mgonjwa, wala mhariri hajanifuta kazi (bado). Nilikuwa nyumbani Kinangop nikijenga uzio wa malisho.

Kama hujawahi kufika Kinangop mwezi wa Julai, usinicheke. Kwetu ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo tu ya milima ya Aberdare, au Nyandarua ukipenda. Asubuhi ukungu unakuwa mzito hata huoni choo kilipo. Usiku mwingine umande unaganda, na kukipambazuka nyasi ni nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Sasa katika hali hiyo shika mtaimbo wa chuma kwa mikono mitupu, chimba shimo la futi mbili kwenye udongo mzito unaotuama maji, kisha uambiwe bado mashimo arobaini.

Mambo yalianza hivi. Nguzo tatu upande wa chini zilioza, seng'enge ikalala, na ng'ombe wawili wa babu wakaingia kwenye viazi vya jirani. Jirani ni muungwana, alikubali kulipwa kwa maziwa. Lakini babu aliita ukoo mzima, na hapo ndipo kazi ya nguzo tatu ikageuka kuwa mkutano. Baba yangu na ndugu zake wanne wanataka shamba ligawanywe kabla mzee hajaondoka. Mmoja wa baba zangu wadogo alikuja tayari na kamba ya kupimia. Alisema kwa kuwa tunachimba mashimo, mbona tusichimbe mara moja kwenye mipaka mipya? Babu akamjibu kwa upole kwamba kwanza uzio uliopo usimame, mengine yatafuata.

Siku ya pili vidole vyangu vilikufa ganzi, nikalalamika. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo naye huniita guka kama ninavyomwita yeye. Akaniambia, "Guka, wewe hii seng'enge umeijua jana. Mimi naijua kutoka pande zote mbili. Nimewahi kuwa ndani yake, na nimewahi kuwa mwenye kuifunga."

Nilirudi Nairobi na maneno hayo kichwani, nikafanya kile wanachofanya waandishi wa habari wakishindwa kulala: nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Seng'enge si kitu cha kale. Watu wamezungushia mifugo miiba, mawe na miti tangu zamani, lakini waya wenye miba umeanza kuenea katika miaka ya 1870 tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliwapa walowezi wadogo ekari 160 kila mmoja katika nyika za magharibi, na taabu yao ilikuwa moja: nyika hazina miti ya kutosha ya kujengea uzio. Wengine walipanda ua wa miiba ukawachukua miaka kukua. Waya mtupu ulisukumwa na ng'ombe ukaanguka.

Mwaka 1873, mkulima wa De Kalb, Illinois, aliyeitwa Joseph Glidden aliona kwenye maonyesho ya kilimo ubao uliopigiliwa miba, wa kutundikwa kwenye uzio ili kuwazuia ng'ombe. Akaenda nyumbani, na inasimuliwa kwamba alitumia mashine ya kusagia kahawa ya jikoni kukunjia vipande vya waya viwe miba. Kisha akasokota waya wa pili juu ya ule wa kwanza ili miba isiteleze. Hataza yake, namba 157,124, ilitolewa tarehe 24 Novemba 1874. Ukiangalia seng'enge ya babu leo, ni kitu kilekile.

Waya huo ulimsaidia mkulima mdogo, hilo halina ubishi. Ulifanya mtu mwenye shamba dogo aweze kulinda mahindi yake dhidi ya makundi ya ng'ombe wa matajiri. Lakini matajiri nao walijua duka linakouzwa waya. Walizungushia maelfu ya ekari, nyingine za serikali, wakafunga njia na visima. Texas mwaka 1883 watu walikuwa wakitoka usiku na koleo kukata nyaya, wengine wakauana. Mwaka 1884 jimbo hilo likapitisha sheria iliyofanya kukata uzio kuwa kosa kubwa la jinai.

Halafu ikaja baridi. Kaskazini mwa Texas wafugaji walikuwa wamejenga uzio mrefu, karibu maili 200, kuzuia ng'ombe wa kaskazini wasishuke kula majani yao wakati wa majira ya baridi. Ng'ombe akipigwa na dhoruba ya theluji hugeuza mgongo upepo ulikotoka na kutembea, hasimami. Januari 1886 dhoruba ilipiga. Makundi yakatembea kuelekea kusini hadi yakafika kwenye waya. Hapo yakakwama, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele, na yakagandia hapohapo kwa maelfu. Majira yaliyofuata, ya 1886 na 1887, yalikuwa mabaya zaidi katika nyanda za kaskazini, na miongoni mwa waliopoteza mifugo mingi ni kijana mmoja tajiri wa New York aliyekuwa akifuga Dakota, Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais.

Nilipomsimulia babu habari hii kwa simu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Kwani hawakuacha lango?"

Haya, turudi kwetu.

Kinangop haikuwa na waya zamani. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na malisho yalikuwa yao. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, wakaondolewa kwenye Bonde la Ufa na kupelekwa sehemu mbili, Laikipia na kusini ya reli. Mkataba uliahidi kwamba mpango huo ungedumu kadiri Wamaasai watakavyokuwepo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walifanywa wakubali mkataba mwingine, wakahamishwa kutoka Laikipia pia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa. Mahakama ilisema huo ulikuwa mkataba kati ya mataifa, hivyo si jambo la mahakama.

Baada yao wakaja walowezi, na walowezi walikuja na waya na nguzo za mtarakwa, mti wetu wa milimani ambao mchwa hauwezi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa umiliki wa hadi miaka 999. Hebu fikiria: mtu aliyepewa kipande chake mwaka huo angekirudisha mwaka 2914.

Sasa tuwe wakweli. Uzio wa mlowezi haukuwa wa kiburi peke yake. Ulikuwa na kazi nyingine ambayo sisi tuliosoma mjini hatuijui: kupe. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio, na ng'ombe wa kigeni akiipata bila dawa kwa kawaida hufa. Robert Koch, yule daktari Mjerumani wa kifua kikuu, aliviona vijidudu vya ugonjwa huo katika damu ya ng'ombe Dar es Salaam mwaka 1897, ingawa alidhani ni ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu waliupeleka kusini mwa Afrika, baada ya sotoka na vita vya Makaburu kumaliza mifugo huko. Afrika Kusini ilihitaji nusu karne kuumaliza, na ilitumia majosho, kuchinja mifugo iliyoambukizwa, na uzio. Kwa hiyo mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wa gredi katika nyanda za juu za Kenya alihitaji vitu viwili, josho na seng'enge. Akikosa kimoja, anaweza kuamka siku moja bila ng'ombe.

Lakini ndani ya uzio huohuo waliishi watu. Waafrika waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi waliruhusiwa kulima kipande na kufuga, badala ya sehemu kubwa ya mshahara. Baba yake babu alikuwa mmoja wao. Walipoanza kuwa na mifugo mingi, walowezi wakaingiwa na wasiwasi: kupe, eti, lakini pia walijua kwamba mtu mwenye mbuzi mia hana haja ya mshahara wako. Ndipo katika miaka ya 1920 mifugo ya hao vibarua ikafagiliwa kutoka mashambani. Watu waliiita shughuli hiyo kifagio, kwa Kiswahili hivyohivyo. Hakuna neno katika lugha yetu linalosafisha nyumba ambalo limewahi kuchafua namna hiyo.

Tufike mwaka 1954, ambao nawaomba muukumbuke.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Familia ya babu ilipandishwa lori na kurudishwa Murang'a, mahali ambapo hawakuwa na hata futi moja ya shamba. Kuanzia Juni 1954 serikali ikaanza kuwakusanya watu katika vijiji vya lazima. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Kijiji kilizungushwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na seng'enge. Lango moja. Kutoka kwa ruhusa, kurudi kwa saa. Waliochimba mahandaki hayo ni wanakijiji wenyewe, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, wachimbaji wengi walikuwa akina mama. Ukingoni mwa msitu wa mlima lilichimbwa handaki jingine la maili 50 ili chakula kisiwafikie waliokuwa msituni.

Babu alikuwa na umri wa miaka 12. Kazi yake ilikuwa kubeba vipande vya waya. Anasema waya ukiwa na umande wa asubuhi unakata bila wewe kuhisi, unaona damu tu. Nilimuuliza alikuwa akiwaza nini. Akasema alikuwa akiwaza chakula.

Mwaka huohuo wa 1954, ofisa wa kilimo aliyeitwa Roger Swynnerton alitoa mpango wake. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, kila mtu apimiwe shamba moja lenye mipaka, apewe hatimiliki, aruhusiwe kulima kahawa na chai, afuge ng'ombe wa maziwa. Kwa karatasi ni mpango mzuri, na kwa kweli sehemu kubwa ya kilimo cha wakulima wadogo Kenya imekulia juu yake. Shida ni wakati. Upimaji ulifanywa huku maelfu wakiwa kizuizini. Ukirudi kutoka Manyani unakuta mpaka umeshapandwa ua, na jirani aliyekuwa upande wa serikali yuko ndani ya ulichokiita chako. Yaani waya uleule, wino uleule: mmoja unamzungushia shamba, mwingine unamzungushia yeye mwenyewe.

(Serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2013 kwamba Wakenya waliteswa kizuizini, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Familia nyingi hazikuwa kwenye orodha. Yetu ni mojawapo.)

Halafu uhuru ukakaribia, walowezi wakataka kuondoka. Mwaka 1962 ulianza mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Mashamba makubwa yalinunuliwa kwa fedha za mikopo na misaada, nyingi zikitoka Uingereza, yakakatwa vipande, na takriban familia 35,000 zikapewa mashamba. Nasema "zikapewa" lakini hapana, ziliuziwa. Kila familia ilikuwa na mkopo wa ardhi, na juu yake mkopo wa maendeleo wa kununulia ng'ombe na vifaa. Ardhi iliyochukuliwa bure ikauzwa kwa deni. Mkitaka kujua kwa nini wazee wetu hawapendi mazungumzo ya benki, anzieni hapo.

Familia ya babu ilipata kipande Kinangop mwaka 1964, ekari kumi na tano. Yeye alikuwa kijana wa miaka 22. Walifika Juni, na baridi ilikuwa inangoja. Ng'ombe wa mkopo hakutakiwa kufika kabla ya uzio, kwa hiyo walijenga uzio kabla ya nyumba. Walilala kwenye banda la mabati, wakiamka kuchimba kabla jua halijayeyusha jalidi. Bibi hucheka akisimulia kwamba ng'ombe yule wa kwanza alikuwa na makazi mazuri kuliko bibi harusi.

Na hapo ndipo babu alipojifunza mambo aliyonifundisha mimi mwezi huu. Anza na nguzo za kona, maana zikishindwa hizo zote zimeshindwa. Iegemeze nguzo ya kona kwa mti wa mshazari. Shindilia udongo kidogo kidogo, pamoja na mawe, usijaze shimo lote kwa mara moja. Nyaya nne kwa ng'ombe, ya chini kabisa isiguse majani. Na msumari wa umbo la U usiupigilie ukaubana waya. Acha kinafasi uteleze, kwa sababu baridi huufanya waya usinyae na jua huulegeza. Ukiubana kila nguzo, usiku mmoja wa jalidi utakatika. "Uzio," alisema, "lazima uwe na pumzi."

Nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Je, hakuona kinyaa kununua kwa mkopo kitu kilichomfungia utotoni? Alinitazama kama mtu asiyejua ng'ombe. Alisema tofauti haikuwa kwenye waya. Kule Murang'a hakuna aliyewauliza lango liwe wapi. Hapa Kinangop, siku ya kwanza kabisa, baba yake alimwita kila jirani aliyepakana naye, wakatembea mpakani pamoja, wakakubaliana njia ya maji ipite wapi na lango la kwenda mtoni liwe wapi. Walikuwa wageni kwa wageni, kutoka Kiambu, Nyeri na Murang'a, na wengine walikuwa pande tofauti wakati wa vita. Yule wa upande wa juu alikuwa amewahi kuwa askari wa kulinda kijiji. Walitembea naye hivyohivyo.

Wasomaji, mimi nadhani hapo ndipo historia yote hii inapokaa. Nimesoma kuhusu uzio wa Texas, handaki la maili 50, na mkataba wa mwaka 1904. Vyote vilijengwa na watu wenye nguvu kuliko babu, kwa fedha nyingi kuliko mkopo wake, na vyote vilivunjika au vilileta balaa. Uzio wa mkulima mdogo huyu umesimama miaka sitini, ukibadilishwa nguzo tu, kwa sababu watu wa pande zote mbili walikubali uwepo.

Lakini sitaki kuwauzia babu yangu kama malaika. Katika matembezi yale ya mwaka 1964 hakukuwa na Mmaasai hata mmoja. Wala hakukuwa na wale vibarua waliokosa majina yao kwenye orodha ya makazi. Makubaliano ya mpakani ni ya wale wenye mpaka. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ni kweli," akaendelea kunoa panga.

Kuna uzio mwingine unaoonekana ukisimama kwetu siku isiyo na ukungu, kule juu ukingoni mwa msitu. Ni uzio wa umeme wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliojengwa kati ya mwaka 1989 na 2009 na shirika la Rhino Ark kwa kushirikiana na serikali na wananchi. Ulianza kama mpango wa kulinda vifaru dhidi ya majangili, lakini wakulima ndio waliousukuma, kwa sababu tembo walikuwa wakimaliza mashamba yao usiku mmoja. Unapita kando ya msitu. Wazee waliochimba kuzuia watu wasiingie msituni wameishi kuona waya ukizuia tembo wasitoke. Majirani zetu wanausifu. Nao una malango.

Sasa tuko wapi? Nguzo zilimalizika siku ya tisa. Upande wa chini umenyooka, ng'ombe wametulia, jirani amepata maziwa yake. Mkutano wa ukoo haujaisha. Hesabu ni rahisi na mbaya: ekari kumi na tano kwa wana watano ni ekari tatu kila mmoja, na ukiondoa nyumba, njia na viazi, ng'ombe hana pa kulisha. Atafungwa bandani akatiwe majani, kama wanavyofanya wengi siku hizi. Babu anapendekeza hatimiliki zigawanywe lakini malisho yabaki moja, uzio mmoja wa nje, bila waya katikati. Baba zangu wadogo wawili wamekubali, wawili hawataki, na baba yangu, kama kawaida yake, anasubiri kuona upepo.

Na ile kamba ya kupimia bado iko kwenye ghala, imening'inizwa msumarini. Kabla sijapanda matatu kurudi Nairobi, babu alimwambia yule mwanawe mwenye kamba: "Ukitaka kupima, pima. Lakini uwaite wote mtembee pamoja, na wake zenu, na huyu guka wangu pia."

Kwa hiyo Agosti narudi tena kwenye baridi. Safari hii nitanunua glavu.